Refa na Viatu Vyake vya Ngozi ya Mpira

Nilianza kazi ya uwanja nikiitwa sistee, nikaimaliza nikiitwa shosh, kama nyanya wa kila mtu. Katikati hapo nilipitia madam, auntie na mathe, na hakuna siku mtu alinijulisha kwamba jina limebadilika. Unainama kupanda nyasi ukiwa sistee, unainuka kiuno kinauma, kijana wa jezi namba tisa anakwambia, "Mathe, tupatie maji."

Brayo na Achieng', nawaandikia nyinyi wawili. Wiki jana nilipita hapo getini nikawakuta mnagombania kamba ya kuchorea mistari, kila mmoja anataka kumwaga chokaa, mwenzake ndiye ashike ncha. Achieng' ukaniuliza, "Shosh, hii kazi ulifanya peke yako miaka yote hiyo. Sisi tumeletwa wawili ya nini?" Nilicheka, nikasema nitawaambia. Nilipofika nyumbani Dagoretti nikaona hilo si jambo la kusimuliwa getini watu wamesimama. Mimi niliishia darasa la nane na mwandiko wangu mnaujua kutoka ile karatasi ya stoo, lakini someni polepole, mtafika.

Tuanze na hiyo kamba. Aliyeifunga mafundo ni Mzee Odhiambo, aliyenifundisha kazi. Fundo la kitambaa chekundu ni la boksi kubwa, la bluu ni la ile nusu duara, lile lisilo na kitambaa ni la penalti. Kona mnaipata hivi: pima tatu upande huu, nne upande ule, halafu vuta kamba kutoka ncha hadi ncha. Ikitoka tano kamili, kona yako imenyooka. Ikikataa, usibishane nayo, wewe ndiye umepinda. Mzee alikuwa anashika ncha moja, mimi ncha nyingine, na tulikuwa tunapiga stori kwenye kamba kama watu wako kwa simu.

Mwaka wangu wa kwanza nilidharau hilo fundo la penalti. Nilikuwa nimemwona Mzee siku moja akihesabu hatua kumi na mbili kutoka golini, nikajiambia ah, kumbe ni rahisi hivyo. Jumapili iliyofuata nikahesabu zangu kumi na mbili. Sasa Mzee alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera, na mimi mnaniona. Mechi ikaisha sare, wakapiga penalti, na zote zikaingia, upande huu na upande ule, mpaka makipa wakaanza kuangaliana. Mmoja akasema, "Leo hawa wanapiga wakiwa sebuleni kwangu." Jioni watu walipoondoka Mzee alinishika mkono, akanipeleka mpaka pale kwenye alama, akasimama juu yake na kuliangalia goli. "Nyar Dagoretti," akaniita, maana yake msichana wa Dagoretti, "hii si penalti. Hii ni salamu."

Kosa langu la pili lilikuwa la chokaa. Ya kujengea, ambayo bado haijazimwa kwa maji, msiiguse. Mimi niliimwaga nikaona inang'aa vizuri, nikafurahi. Kipa aliteleza kwenye mstari na mapaja yenye jasho, na alivyokimbilia mferejini hakuna winga wa mji huu angemshika. Nilimpaka mafuta mwenyewe nikilia kumshinda. Mbaki na hiyo mnayoletewa sasa.

Enyi watoto, nilikuwa na ndoto! Nilikuwa naota siku moja mtangazaji atasimama mbele ya watu wote aseme, mpira unatembea vizuri leo kwa sababu ya nyasi za Wambui. Sikutaka kingine. Baba alifanya kazi machinjioni Dagoretti, akaniambia kazi yoyote isiyokuwa na damu ni kazi nzuri, kwa hivyo nilikuja hapo uwanjani Woodley nikiimba.

Hapakuwa na choo cha wanawake. Mwanamke nilikuwa peke yangu, nikapewa chumba kile kilicho chini ya jukwaa nilale humo, niwe mfanyakazi na mlinzi kwa mpigo mmoja. Mzee alikuwa analala kwake, kwa mkewe. Alipostaafu akarudi Siaya, aliniachia vitu vitatu: kamba, rola ya kushindilia uwanja na punda. Kutoka hapo ncha ya pili ya kamba nikawa naifunga kwenye msumari mrefu. Unaupiga msumari ardhini, unafunga, unatembea upande wa pili, unachora, unarudi, unaung'oa. Mstari unatoka sawa kabisa. Ila msumari hauna stori.

Punda alikuwa anaitwa Refa, kwa sababu akishaamua ameamua. Ndiye aliyevuta rola na mashine ya kukata nyasi. Mnajua kwato za punda zinavyochimba, hasa baada ya mvua, kwa hivyo Mzee alikuwa amemshonea viatu. Alichukua ngozi za mipira iliyopasuka, akaweka gunia ndani, akatia kamba za viatu vya mpira za kufungia juu ya kwato. Vilikuwa vinne na kila kimoja na mguu wake. Asubuhi unamvalisha, jioni unamvua. Unaanza mguu wa mbele wa kushoto, na unazunguka. Ukishavua vitatu, wa nne Refa alikuwa anauinua mwenyewe, anauweka hewani anakusubiri, kama mtu anayekwambia si umalizie twende tulale.

Watu wanadhani uwanja ni mahali pa watu wengi. Ni kweli, siku moja. Zile siku sita zingine ni wewe na viti. Jumapili kipenga cha mwisho kikilia, watu wanatoka wakiimba, na baada ya nusu saa unasikia karatasi ikitambaa kwenye ngazi. Unaokota makopo, unaokota kofia, siku moja niliokota kiatu cha mtoto nikakaa nacho mwaka mzima nikisubiri mtu aje kukiulizia. Nilikuwa nazungumza na Refa mpaka nikasahau kwamba hajibu. Namweleza Sasha wa kantini alivyoolewa, namweleza ndoto niliyoota. Masikio yake yalikuwa yananifuata. Nilijiambia, Wambui, wewe hauko peke yako, una Refa.

Meneja wetu wa wakati huo hakumpenda. Alikuwa mtu wa suti, na simu ya mkononi kiunoni kama bastola, miaka ile simu zilipokuwa bado za kuonyeshana.

"Wambui, huyu punda wako ni aibu. Wageni wakija wanaona nini? Punda amevaa viatu."

"Si wataona uwanja ni wa heshima, meneja. Hata punda haingii peku."

Hakucheka. Akanionyesha pale mbele ya goli la upande wa barabara, mahali ambapo makipa walikuwa wamekanyaga mpaka pakabaki udongo mtupu. Kulikuwa na mechi kubwa inakuja, imebaki wiki sita. "Siku moja kabla ya hiyo mechi nitakuja kuangalia hapa. Nikikuta bado kuna kipara, naleta trakta, na punda anauzwa."

"Na ukikuta nyasi?"

"Nikikuta nyasi punda wako akae mpaka azeeke."

Nilimshika mkono kabla hajaurudisha mfukoni. Nyasi ndiyo kitu nilichojua duniani. Nikachimbua, nikaleta mbolea ya tumbo la ng'ombe kutoka machinjioni kwa kina baba, ile iliyokaa mpaka imepoa, nikapanda vipande vya mizizi mstari kwa mstari, nikamwagilia kwa kopo asubuhi na jioni. Siku ya nane vilitoa majani. Siku ya tisa nilipoamka, hakukuwa na kitu.

Ilikuwa ni mbuzi. Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa, mji mzima umekauka rangi ya mkate, na kijani pekee kilichobaki kilikuwa changu. Fensi ya nyuma ilikuwa imetoboka. Na mbuzi hali nyasi changa kama ng'ombe, anaing'oa na mizizi. Nikapanda tena. Nikaziba na matawi ya miiba, wakaruka. Nikakaa pale na fimbo tangu alfajiri, wakaja nilipokwenda kunywa chai. Wiki mbili zilikuwa zimeisha na kipara kilikuwa kilekile. Nilikwenda bandani kwa Refa, nikamwegemea shingoni, nikamwambia, "Rafiki yangu, mbuzi wanakuuza."

Hapo ndipo anaingia Mutiso. Alikuwa mfanyakazi wa kule kwa wanyama yatima, Lang'ata Road, kando ya mbuga. Kazi yake ilikuwa kuwalisha na kuwafagilia. Akitoka kazini alipita uwanjani na baiskeli akielekea Kawangware, na Jumapili alikuja kushangilia timu ambayo tangu nimjue haijawahi kushinda. Mtu mpole, kicheko chake kinaanza kabla ya mzaha.

Aliwahi kuniita siku yangu ya mapumziko nikaone wanyama. Nilivaa gauni la kanisa. Kulikuwa na watoto wa shule wengi, wanapiga kelele kwa nyani, wanamrushia ngiri maneno. Mimi nilisimama kwa simba mmoja. Aliokotwa mdogo, akalelewa kwa chupa, na sasa alikuwa na manyoya kama mfalme lakini amekaa akiangalia upande wa barabara.

"Huyu hajawahi kuona simba mwenzake," Mutiso akaniambia. "Asubuhi anangurumia malori."

"Na malori yanafanya nini?"

"Lori likipiga honi anafurahi. Anadhani amejibiwa."

Nilicheka, lakini nilipokuwa nikirudi kwa miguu sikuimba. Kwa sababu huyo simba nilikuwa namsikia. Alfajiri, kabla magari hayajawa mengi Ngong Road, sauti yake ilikuwa inafika Woodley, ndogo kama mtu anavuta meza chumba cha pili. Refa alikuwa anaacha kutafuna. Mimi nilikuwa namwambia, "Nyamaza, ni jirani."

Sasa Mutiso alinikuta nimekaa juu ya rola nimejiinamia. Nikamweleza habari za mbuzi. Akajikuna.

"Mbuzi ni wasumbufu. Lakini mimi hata mbwa hawanibwekei. Wakinusa hii suruali wanaingia chini ya meza."

Nikainua kichwa. "Kwa nini?"

"Si nimetoka kwa simba? Harufu ya mavi ya simba, Wambui, hata ufue na Omo."

"Na mbuzi akiinusa?"

Alianza kucheka kabla ya kujibu. "Mbuzi? Mbuzi anakumbuka sala zote za shule ya Jumapili."

Siku ya pili akaniletea gunia moja la hayo mavi kwenye baiskeli. Wao walikuwa wanayazika tu. Nikayapanga nje ya fensi, fungu hapa na fungu pale, mimi na kitambaa puani, nikiimba. Asubuhi iliyofuata nilikunywa chai nikiwa nimekaa jukwaani kama mgeni rasmi. Mbuzi wakaja, beberu mbele. Akafika kwenye fensi, akainua pua, na nawaambia ukweli, yule beberu aligeuka akiwa bado hewani. Nilipiga makofi peke yangu. Jukwaa zima, mtu mmoja.

Nyasi ikashika. Nilikuwa na furaha mpaka nikawa mjinga, na hapa ndipo nataka msome mara mbili. Wiki zile Refa alianza kupoteza hamu ya kula. Alikuwa anasimama kona ya mbali ya banda, uso ukutani. Nikimpeleka upande wa fensi ya nyuma anagoma, miguu minne kama imepigwa misumari. Jasho shingoni hata asubuhi ya baridi. Na mimi niliyesema namjua, niliyemweleza mpaka ndoto zangu, nikasema ni meno. Nikamtafutia majani laini. Nilikuwa najua harufu ile inaweza kumfukuza kila mnyama wa Woodley, na hata siku moja sikufikiri kwamba Refa ni mnyama. Kwangu alikuwa ni mtu.

Jumamosi ya meneja ikafika. Asubuhi na mapema Mutiso akaleta gunia la pili, la kubadilisha lile lililokauka. Nilikuwa bado nimelishika nikasikia honi ya meneja getini. Kama angeliona angeuliza, na ningejibu nini? Nikakimbia kulificha mahali ambapo meneja hakuwahi kukanyaga kwa sababu ya suti yake. Nikaliweka bandani kwa Refa, nyuma ya mlango, na kwa haraka yangu nikaufunga mlango na komeo. Refa alikuwa tayari amevaa viatu, tukitoka hapo twende kuvuta rola.

Meneja alitembea mpaka golini. Akasimama. Akakunja suruali magotini, akainama, akapitisha kiganja juu ya nyasi kama mtu anapapasa kichwa cha mtoto. "Hii umefanyaje?"

"Nimepanda tu, meneja."

"Mimi ni mtu wa neno langu. Punda abaki." Na akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akicheka. "Na viatu vyake."

Sikumshukuru hata vizuri. Nilikimbia nikimwita Refa kwa jina, nimwambie. Nilipozunguka jukwaa nikakuta mlango wa banda umelala chini, umetoka na bawaba zake. Gunia limekanyagwa. Geti kubwa, ambalo meneja aliliacha wazi nyuma yake, bado wazi.

Nilimfuata kwa alama za viatu. Mahali penye vumbi alama zake zilikuwa za mviringo, kama mtu amepita akigonga sufuria chini. Zilikata nyumba za Woodley zikatokea Ngong Road, na hapo lami ikazimeza. Nikaanza kuuliza. Mwenye gereji hakumwona. Askari wa jengo akadhani namdhihaki. Karibu na Dagoretti Corner kulikuwa na mama anauza sukuma.

"Mama, umeona punda amepita hapa?"

Akaacha kukata mboga. "Mwenye viatu?"

"Huyo huyo!"

"Woi, kumbe nilimwona kweli! Nilijua nimeanza kuwa mgonjwa." Akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Amevaa kuliko mume wangu!" Wakaangua kicheko wote, mpaka wakaona uso wangu. Akashusha sauti. "Ameshika hiyo barabara ya Kawangware, mum. Alikuwa anakimbia kama mtu anaenda kwao."

Nilitembea barabara yote ile nikimwazia mabaya. Nilimwona chini ya lori. Nilimwona kwa watu ambao wangemfunga. Nilipanga maneno ya kumwomba msamaha, mkicheka chekeni. Ilikuwa mchana jua kali nilipofika Dagoretti, sokoni, nyumbani kwetu hasa, mahali ambapo hata sikuhitaji kuuliza njia. Na pale kwenye kioski cha maji, ambapo mikokoteni ya punda inapanga foleni kujaza mitungi, nilimwona.

Alikuwa kwenye foleni. Hana mkokoteni, hana mtungi, viatu vyake vinne miguuni, amesimama nafasi ya tano kama wengine. Na shingo yake ilikuwa imelazwa juu ya shingo ya punda jike mzee, macho yamefungwa. Masikio, yale ambayo miaka minane nilidhani yananisikiliza mimi, yalikuwa yamelegea. Sikuwahi kuyaona yamelegea hivyo.

Mwenye mikokoteni alikuwa mtu mnene anaitwa Baba Njoki. "Ni wako huyu, madam? Alikuja akaingia laini bila kusukuma mtu. Hata nikashindwa kumfukuza." Akamzunguka, akamwangalia kifuani. "Ngoja. Huyu si yule niliuzia mzee mmoja Mjaluo wa uwanja?"

"Ndiyo. Mzee Odhiambo."

"Basi hawa wanajuana. Huyo mama mzee walikuwa wanavuta pamoja, bega kwa bega, tangu huyu akiwa kijana. Nilimwambia mzee, chukua wote wawili, punda hakai peke yake. Akasema kazi yake ni ya punda mmoja." Akanimiminia maji ya kunawa uso. "Alikuwa na mwenzake huko?"

Nilitaka kusema alikuwa na mimi.

Nilikaa juu ya mtungi uliopinduliwa. Foleni ikasogea, punda wakasogea, na Refa akasogea nao bila kuitoa shingo pale ilipokuwa. Nilikuwa na kamba mkononi. Meneja alikuwa amesema abaki, na mtu wa suti hatoi neno kama hilo kila siku. Ningemvuta tu angekuja, kwa sababu alinijua. Kule angekuwa na nyasi, na banda lisilovuja, na mtu wa kumweleza habari zote za Sasha wa kantini. Nilihesabu mambo hayo mara kadhaa. Kila nikimaliza nilikuwa naangalia yale masikio.

"Baba Njoki," nikasema, "ukimpata wa bure utamfanyisha kazi nzito?"

Akaniangalia vizuri, akaacha utani. "Atavuta na huyo mama. Nusu nusu. Na jioni wanalala boma moja."

Nikapiga magoti kwenye matope ya kioski. Nikamvua kiatu cha mbele cha kushoto. Nikamvua cha pili, nikazunguka, nikamvua cha tatu. Halafu Refa, bila kufungua macho, akauinua mguu wa nne, akauweka hewani akanisubiri.

Sijui nilikaa hapo muda gani na kile kiatu. Najua watu wa maji hawakunicheka. Nilipofungua kamba yake akaushusha mguu chini, kwato tupu kwenye ardhi ya kwao, na foleni ikasogea tena.

Jumapili nilivuta rola mwenyewe, kuanzia macheo mpaka saa nne, kamba begani. Mechi ilichezwa. Mpira ulitembea kama unateleza kwenye meza, na mtangazaji alitaja wadhamini, akamtaja meneja, akasifu hali ya hewa. Mutiso alikuja wakati wa mapumziko na mahindi mawili ya kuchoma, akauliza Refa yuko wapi. Nikamweleza. Akakaa na hindi lake bila kuling'ata mpaka kipindi cha pili kikaanza na timu yake ikafungwa bao. Baadaye akasema, "Nitamwambia yule simba wetu." Hakueleza atamwambia nini, na mimi sikuuliza. Mwaka uliofuata alihamishwa Voi. Alikuja kuniaga nikiwa nachora mistari, na alipoona nahangaika na msumari aliiweka kando baiskeli, akashika ncha ya kamba. Tukachora boksi lote la upande wa barabara. Halafu akaenda.

Jumatatu ya baada ya mechi meneja aliuliza, "Punda yuko wapi? Si nilisema abaki?"

"Ameenda kwao, meneja."

"Na rola?"

"Niko mimi."

Trakta ilikuja mwaka mwingine. Ni nzuri, siisemi vibaya, hiyo mliyonayo ni mtoto wa mtoto wake. Ila msiipitishe mvua ikiwa imenyesha, haina viatu.

Refa nilikuwa nakwenda kumwona Jumatatu zangu. Mwanzo alikuwa anaacha foleni kunijia. Baadaye alikuwa ananigeuzia sikio moja tu, linatosha salamu, na anaendelea na mambo yake. Nilikuwa nafurahi njia nzima ya kurudi, na nikifungua kile chumba chini ya jukwaa nilikuwa nawasha redio kabla ya taa.

Sasa swali lako, Achieng'. Mwaka jana nilipokuwa natoka, ofisi iliniita kwa chai na mkate wa siagi. Wakaniuliza kama nina ombi lolote, wakidhani nitaomba saa ya ukutani. Nikasema nafasi yangu ipewe watu wawili. Yule kijana wa ofisi akasema lakini shosh, kazi ni ya mtu mmoja, wewe mwenyewe umeonyesha. Nikamwambia hapana, mwanangu, mimi nimeonyesha kwamba mtu mmoja anaweza. Nikakataa kuamka kwenye kiti mpaka akaandika. Kama Refa.

Vile viatu viko stoo, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa bluu. Msivitupe. Na msumari mrefu mtaukuta hapo hapo, huo mkitaka utupeni.

Kamba ina ncha mbili. Brayo shika moja, Achieng' shika nyingine, na mkichora, pigeni stori.